Ukingo wa 1888: Kwa Nini Bunduki Kuukuu ya .303 Hugoma Kulisha Risasi

Wale mliozoea kuja hapa kwa habari za Linux na hifadhidata leo mtanivumilia kidogo, kwa maana nataka tuongee kuhusu mashine ambayo haina hata waya mmoja ndani yake. Ni bunduki. Lakini msikimbie, si mambo ya vita tu. Kisa hiki kinatuhusu sisi waandishi wa programu kuliko vile kinavyoonekana, maana ni kisa cha uamuzi mdogo uliopitishwa mwaka wa 1888, ukashindikana kufutwa, na watu wakaulipia kwa miaka karibu sabini.

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield ya .303, ya kuvuta bolti kwa mkono. Wazee wetu waliijua vizuri. Askari wa Keya waliibeba Ethiopia mwaka wa 1941 na Burma mwaka wa 1944. Polisi na wanajeshi wa Uingereza waliitumia hapa wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952. Baada ya uhuru iliendelea kuonekana kwa miaka mingi mikononi mwa polisi wa akiba kule kaskazini, na watu waliiita Mark Four tu. Hukadiriwa kwamba bunduki za aina hii zipatazo milioni 17 zilitengenezwa Uingereza, India, Australia, Kanada na Marekani. Jeshi la Uingereza lilipohamia bunduki nyingine mwaka wa 1957, nyingi kati ya hizi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikaishia kwa walengaji shabaha, wawindaji na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Na malalamiko ya hao walionunua ni yale yale kila mahali: "Inagoma kulisha." Unasukuma bolti, risasi inatoka nusu halafu inakwama. Au mbili zinakuja pamoja kama mapacha. Au ncha inainama chini na kugonga ukuta wa mbele wa magazini. Hapo mtu anachukua tupa au koleo, anaanza kukwangua na kupinda. Mara nyingi anaharibu kitu kilichokuwa kizima, kwa sababu hakujua historia ya kile alichokishika.

Kulisha ni kufanya nini?

Hebu tuanze na mambo ya msingi kwa wale ambao hawajawahi kuiona kwa karibu. Chini ya bunduki kuna kisanduku cha bati kinachoitwa magazini, ambacho kwa Lee-Enfield huingia risasi 10. Ndani yake kuna springi, na juu ya springi kuna kibao kinachosukuma risasi kwenda juu. Juu kabisa magazini ina midomo ya chuma iliyokunjwa ndani, inayozuia risasi zisiruke nje zote kwa pamoja. Bolti ikisukumwa mbele, sehemu yake ya chini hugusa kitako cha risasi ya juu na kuisukuma. Risasi inateleza chini ya midomo, ncha inapanda, inaingia kwenye chemba nyuma ya mtutu, na bolti inafunga.

Ni hatua nne au tano, na hakuna hata moja ngumu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuieleza. Ugumu uko kwenye umbo la risasi.

Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako, yaani duara la shaba lililotokeza nje kuliko mwili wa ganda. Mwili karibu na kitako una upana wa milimita 11.7 hivi, na ukingo una milimita 13.7. Tofauti ni milimita moja kila upande, unene wa kucha tu. Sasa panga risasi mbili juu ya nyingine, vitako vikiwa sambamba. Lazima ukingo mmoja uwe mbele ya mwingine, maana haviwezi kukaa mahali pamoja. Kama ukingo wa risasi ya juu uko mbele ya ule wa chini, ukiisukuma inakwenda zake bila shida. Lakini kama ukingo wa juu uko nyuma ya ule wa chini, ukiisukuma unagonga ukingo wa jirani yake. Zinafungana. Unaweza kupiga bolti kwa nguvu zako zote na haitakwenda popote, au itaburuta risasi mbili kwa pamoja.

Hiyo ndiyo hitilafu yenyewe. Bunduki haijavunjika, na wala haina kutu. Ni hesabu ya milimita moja.

Kwa nini wakaweka ukingo?

Swali zuri, na jibu ni kwamba wakati ule lilikuwa jambo la busara kabisa. Kabla ya hapo jeshi la Uingereza lilikuwa na Martini-Henry, bunduki ya risasi moja moja iliyoanza kutumika mwaka wa 1871. Kwa bunduki ya namna hiyo ukingo ni rafiki. Ndio unaoizuia risasi isizame ndani ya chemba kupita kiasi, kwa hiyo fundi hahitaji kukata chemba kwa vipimo vikali sana. Ndio pia unaoshikwa wakati wa kuvuta ganda tupu. Na kuvuta ganda lilikuwa jambo la kufa na kupona: kule Abu Klea nchini Sudan, Januari 1885, maganda ya Martini-Henry ambayo mwili wake ulikuwa wa bati jembamba la shaba yalikwama ndani ya chemba wakati adui yuko hatua chache tu.

Halafu Wafaransa wakawashtua watu wote. Mwaka wa 1884 mkemia Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi, na kufikia 1886 Ufaransa ilikuwa na bunduki mpya ya Lebel inayoitumia. Kila jeshi la Ulaya likaanza kukimbizana. Uingereza ikapitisha bunduki yake mwaka wa 1888, Lee-Metford. Bolti na magazini vilikuwa kazi ya James Paris Lee, mzaliwa wa Hawick huko Scotland aliyekulia Kanada na kufanya kazi Marekani, ambaye alisajili magazini yake ya kisanduku mwaka wa 1879. Mifereji ya ndani ya mtutu ilikuwa ya William Metford.

Tatizo ni kwamba Uingereza bado haikuwa na baruti yake isiyo na moshi. Risasi ya kwanza ya .303 ilijazwa baruti nyeusi ya zamani iliyoshindiliwa. Baruti mpya, kodaiti, iliingia mwaka wa 1891. Yaani ganda lilichorwa kwa ajili ya teknolojia iliyokuwa inakata roho. Likawa na ukingo kama lile la Martini, na mwili unaochongoka ili litoke kirahisi kwenye chemba iliyojaa masizi. Miaka mitatu baadaye sababu nyingi za kulichora hivyo zilikuwa zimekwisha, lakini ganda lilikuwa limeshaingia viwandani, maghalani, na kwenye bunduki za rashasha za Maxim.

Kodaiti nayo ilikuja na shida zake. Iliwaka kwa joto kali mno, ikaila ile mifereji ya Metford iliyokuwa na kina kidogo. Kiwanda cha serikali cha Enfield kikachora mifereji mipya, na mwaka wa 1895 ikazaliwa Lee-Enfield. Tazama walivyofanya: walibadilisha mtutu, hawakuigusa risasi. Waswahili husema mkono usioweza kuukata, ubusu. Jeshi la Uingereza liliubusu mkono huo hadi 1957.

Viraka juu ya viraka

Sisi tunaoandika programu tunajua kinachofuata. Ukishindwa kubadilisha muundo wa data, unaanza kuandika msimbo wa kuzunguka ubaya wake.

Kiraka cha kwanza kilikuwa umbo la magazini. Ile ya 1888 ilichukua risasi 8 katika safu moja. Mwaka wa 1892 ikafanywa ya risasi 10 katika safu mbili zilizopishana, ambapo kingo zinapata nafasi kidogo ya kukwepana. Ukiitazama magazini ya Lee-Enfield ubavuni utaona haikuchongwa mraba. Imelala kimshazari, kwa sababu risasi zenye kingo pana na miili inayochongoka zikipangwa huwa zinapinda kama mkungu wa ndizi.

Kiraka cha pili kilitokana na aibu. Katika vita vya Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, Makaburu walikuwa na Mauser ya 1895. Risasi yake haikuwa na ukingo uliotokeza, bali mfereji uliokatwa kuzunguka kitako, na ilijazwa tano kwa mpigo kutoka kwenye klipu ya chuma. Mwingereza alikuwa anaingiza moja, nyingine, nyingine, kama mtu anayehesabu maharagwe. Kufikia 1907 toleo maarufu la Mark III lilikuwa na njia ya klipu ya risasi tano. Lakini kingo zile zilihitaji kupangwa ndani ya klipu: ya kwanza, ya tatu na ya tano zinakaa namna moja, ya pili na ya nne namna nyingine, zikipishana. Kwa mpangilio huo klipu haikuwa na juu wala chini, na askari aliyekuwa gizani angeweza kuishika upande wowote.

Kiraka cha tatu ni mafunzo. Kuruta alifundishwa jinsi ya kupanga na kuingiza risasi mpaka vidole vikajua vyenyewe. Hiki ndicho kiraka ninachokiogopa kuliko vyote. Ukiona mwongozo wa mtumiaji unasema "hakikisha usibonyeze hapa kabla ya pale", jua mtengenezaji ameshindwa kurekebisha kitu na amekubebesha wewe mzigo. Kwa haki, lazima niseme kwamba mafunzo hayo yalifaulu. Askari wa kulipwa wa 1914 alitakiwa kupiga risasi 15 zenye shabaha kwa dakika moja, umbali wa yadi 300, na bunduki ikamtii. Lakini mafunzo huisha siku mwalimu anapostaafu. Aliyenunua bunduki ile mnadani miaka arobaini baadaye hakuuziwa sajini pamoja nayo.

Halafu mwaka wa 1910 wakabadilisha kitu kingine. Risasi ya Mark VI ilikuwa na ncha ya mviringo na kichwa cha uzito wa gramu 13.9. Ile mpya, Mark VII, ilikuwa na ncha kali, gramu 11.3, na mwendo mkubwa zaidi. Ganda ni lile lile na chemba ni ile ile, kwa hiyo kwenye karatasi zilikuwa zinaoana. Lakini ncha ya mviringo na ncha kali hazipandi kuelekea chemba kwa njia moja. Bunduki za zamani zilizohamishwa zilibidi zirekebishwe vilengeo na magazini, zikapigwa muhuri wa herufi HV kuonyesha kwamba zinakubali risasi mpya. Wenzangu wa programu mnaitambua hiyo: ni namba ya toleo, iliyogongwa kwenye chuma badala ya kuandikwa kwenye faili.

Majirani walifanyaje?

Uingereza haikuwa peke yake. Urusi ilipitisha Mosin mwaka wa 1891, nayo ikabaki na risasi yenye ukingo. Wao walichagua dawa nyingine: ndani ya bunduki waliweka kipande cha chuma kinachozibana risasi za chini wakati ile ya juu inasukumwa, kisha kinaziachia moja tu ipande. Mpangilio wa risasi haukuachiwa vidole vya askari peke yake, mashine ilibeba sehemu ya mzigo. Gharama yake ni kipande cha ziada cha kutengeneza na kurekebisha, na miaka ya 1930 Warusi walikigawa mara mbili ili kiwe rahisi kukitunza.

Wafaransa waliumia zaidi. Kwa haraka ya 1886 walichukua ganda la bunduki yao ya 1874, wakalibana shingo mara mbili ili litoshe risasi nyembamba. Likatoka na kitako kipana na mwili unaochongoka vibaya. Mwaka wa 1915 walipotaka bunduki ya rashasha nyepesi, ile ya Chauchat, risasi hizo zilikataa kupangika isipokuwa katika magazini ya nusu duara kama mwezi mchanga. Magazini ile ilikuwa dhaifu, na upande mmoja ilikuwa na madirisha wazi. Sasa fikiria matope ya mahandaki ya Ufaransa yakiingia humo.

Wajerumani walikuwa na bahati, au akili. Risasi yao ya 1888 haikuwa na ukingo uliotokeza, na Mauser ya 1898 ililisha bila kelele.

Na kama unataka kuuona ukingo wa .303 kwa macho bila kugusa bunduki yoyote, tafuta picha ya Bren, rashasha ya Waingereza iliyoanza kutumika 1938. Mama yake ni ZB 26 ya Chekoslovakia, yenye risasi ya Kijerumani, na magazini ya mama huyo imenyooka. Magazini ya Bren imepinda kama ndizi. Hakuna mchoraji aliyetaka urembo. Ule mpindo ni milimita moja ya 1888, ikizidishwa mara 30.

Jaribio la kufuta yote

Msidhani Waingereza walikuwa hawaoni. Walitengeneza bunduki mpya kabisa, ya mtindo wa Mauser, yenye risasi mpya ya .276 isiyo na ukingo, na mwaka wa 1913 ikapelekwa kwa askari kujaribiwa. Risasi hiyo ilikuwa na nguvu za kupita kiasi: mwali mkubwa, kishindo kikubwa, mtutu kupata moto haraka. Ingehitaji muda kurekebishwa. Agosti 1914 vita vikaanza na muda ukaisha. Huwezi kubadilisha risasi ya dola nzima katikati ya vita.

Kwa hiyo bunduki ile iliyozaliwa ili kuikimbia .303 ikabadilishwa itumie .303. Zaidi ya milioni moja zilitengenezwa Marekani katika viwanda vya Winchester, Remington na Eddystone. Marekani ilipoingia vitani mwaka wa 1917 ikaichukua bunduki hiyo hiyo na kuibadilisha tena, sasa itumie risasi yake isiyo na ukingo. Ndani ya magazini iliyokusudiwa risasi tano nene ikaingia sita, ilhali klipu ilibeba tano. Ile nafasi ya sita ni alama ya kitu kilichoondolewa, kama kile kigezo kwenye programu ambacho hakuna anayejua kazi yake lakini kila mtu anaogopa kukifuta.

Ypres, Aprili 1915

Sasa tufike pale inapouma. Wakati wa vita vya Makaburu, Kanada ilitaka kutengeneza Lee-Enfield nyumbani na haikufanikiwa kukubaliana na Waingereza. Ikageukia bunduki ya Sir Charles Ross, iliyotengenezwa Quebec. Ilitumia risasi ile ile ya .303, lakini bolti yake ilivutwa nyuma na kusukumwa mbele moja kwa moja bila kuzungushwa. Uwanjani ilikuwa na shabaha ya kupendeza. Chemba yake ilikatwa kwa vipimo vya kubana, na risasi za Kanada zilizotengenezwa kwa uangalifu zilitoshea vizuri.

Tarehe 22 Aprili 1915, kule Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifungulia gesi ya klorini na Wakanada wakawa kwenye pengo. Risasi walizokuwa nazo zilikuwa za viwanda vya Uingereza, zilizotengenezwa kwa kasi ya vita, na vipimo vyake vilikuwa vimelegea. Chemba ya Lee-Enfield, iliyokatwa kwa upana zaidi, ilizimeza bila neno. Chemba ya Ross ilizibana. Ukiongeza joto na udongo, maganda yakagoma kutoka. Kukawa na ubaya mwingine: kila askari alipovuta bolti nyuma kwa nguvu, meno ya kufungia ya bolti yaligonga kizuizi na kujikunja taratibu, hivyo ikawa ngumu zaidi kufunga, hivyo ikahitaji nguvu zaidi. Kuna waliokuwa wanapiga bolti kwa teke la buti au kwa chepe, adui akija. Vita vilipotulia, kati ya Wakanada karibu 5,000 waliosalimika, zaidi ya 1,400 walikuwa wameitupa Ross na kuokota Lee-Enfield ya Mwingereza aliyekufa.

Hebu tusome takwimu hiyo polepole. Hiyo ni ripoti ya hitilafu, imeandikwa na watumiaji, kwa njia pekee waliyokuwa nayo.

Na wakubwa walijibuje? Waziri wa Wanamgambo wa Kanada, Sam Hughes, aliitetea Ross kwa ukali. Jenerali Alderson, aliyewaongoza Wakanada na kusema wazi kwamba bunduki ile haifai, aliondolewa kwenye cheo chake mwaka wa 1916. Lawama zilirushwa kwa risasi, kwa udongo, kwa askari wenyewe. Mwaka huo huo wa 1916 Lee-Enfield ikachukua nafasi ya Ross katika vikosi vya Kanada vilivyokuwa Ufaransa, na Novemba Hughes akalazimika kujiuzulu. Wadunguzi waliipenda Ross na wengine wakabaki nayo, maana mtu anayepiga risasi moja kwa nusu saa, na anayechagua risasi zake kwa mkono, hana shida ile.

Sisi tuna msemo wetu: "Kwenye tarakilishi yangu inafanya kazi." Kule Quebec ilikuwa inafanya kazi.

Sasa ile iliyo mezani

Turudi kwa huyo aliyeshika tupa. Kabla hatujaendelea: hapa Kenya kukaa na bunduki bila leseni ni kosa la jinai, na kutengeneza silaha ni kazi ya fundi mwenye kibali. Nchi nyingine zina sheria zao. Na hakuna anayepima ulishaji kwa risasi hai ndani ya nyumba. Zipo risasi bandia zisizo na baruti kwa kazi hiyo.

Jambo la kwanza analopaswa kuelewa ni kwamba kile kilicho mezani si kitu kimoja. Ni vitu vitatu vilivyokutana: bunduki, magazini na risasi, na kila kimoja kina mwaka wake wa kuzaliwa. Unaweza kukuta bunduki ya 1917, magazini ya 1942 kutoka kiwanda kingine, na risasi ya uwindaji yenye ncha butu iliyotengenezwa juzi. Kila kimoja kizima, ila hawajuani. Kwa hiyo utaratibu ni kama ule wa kutafuta kasoro kwenye programu: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, anza na kile rahisi kurudisha, maliza na kile kisichorudishika.

1. Upangaji. Toa zote, uzirudishe moja moja, ukihakikisha ukingo wa kila risasi mpya uko mbele ya ule ulio chini yake. Kama tatizo limekwisha, hukuwa na bunduki mbovu. Ulikosa yule sajini wa 1914.

2. Risasi. Jaribu zenye umbo na urefu wa Mark VII, maana Lee-Enfield nyingi zilizobaki zilirekebishwa au kutengenezwa kwa ajili ya umbo hilo. Ncha butu au risasi fupi inaweza kuinama au kugonga pale ambapo ile ya jeshi ingepita.

3. Usafi. Bunduki za ghala zilipakwa grisi nzito, na grisi ya miaka hamsini huganda kama gundi. Springi inasukuma, kibao hakipandi. Mafuta ya taa na kitambaa vimetibu wagonjwa wengi waliokuwa wanasubiri upasuaji.

4. Magazini. Hapa ndipo wengi hawana habari. Magazini za mwanzo zilifungwa kwenye bunduki kwa mnyororo mdogo. Haikukusudiwa kuwa kitu cha kubadilishana ovyo kama zilivyo magazini za siku hizi. Ilikuwa sehemu ya bunduki, na mafundi waliirekebisha ikubaliane na bunduki yake. Ile ya Mark III na ile ya Namba 4 zinafanana machoni, lakini ukizibadilishana huna hakika ya kulisha. Tafuta magazini nyingine ya aina sahihi, ijaribu, linganisha. Kama ya pili inalisha, umeshajua mgonjwa ni nani.

5. Midomo ya magazini, na bunduki yenyewe. Hii ni ya mwisho, kwa fundi, na baada ya kulinganisha na nyingine iliyo nzima. Chuma kilichopindwa kinaweza kupindwa tena mara chache kabla hakijakatika. Kilichokwanguliwa hakirudi.

Watu wengi huanza na namba 5. Sababu ni ile ile inayomfanya kijana mgeni kazini aandike upya moduli nzima siku ya pili: chuma kinaonekana, historia haionekani.

Ukingo uliishia wapi?

Kiwanda cha Ishapore nchini India, kilichokuwa kimetengeneza Lee-Enfield tangu enzi za ukoloni, kilifanya miaka ya 1960 kile ambacho wenyewe wa London hawakukifanya vitani. Kilichukua muundo ule wa Mark III kikaupa risasi ya 7.62 isiyo na ukingo. Ukiiweka bunduki ya Ishapore kando ya nduguye utazitofautisha kutoka mbali kwa kitu kimoja: magazini yake ni ya mraba, imenyooka, na inachukua risasi 12. Mshazari umekwenda. Ukingo ulipoondoka, kila kiraka kilichoandikwa kwa ajili yake nacho hakikuwa na kazi tena.

Kwangu mimi picha hiyo inatosha kuliko mihadhara mingi ya uhandisi wa programu. Lee hakukosea mwaka wa 1879, na hata wale wa 1888 sioni kama walikuwa wajinga. Walichagua kilichokuwa salama kwa siku ile. Waliokosea ni wale wa Ross, walioletewa habari na watu waliokuwa wanakufa wakasema tatizo ni mtumiaji. Kasoro inaweza kusamehewa. Kukataa ripoti ya kasoro ndiko kunakoua.

Kwa leo naachia hapo. Kama una babu aliyekuwa Keya, muulize alifundishwaje kupanga risasi kwenye klipu. Nina hakika vidole vyake bado vinakumbuka. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata zetu, ambazo nazo zina kingo zake.